Mgeni Mwenye Mkanda Mweusi

Mwaka 1883, wakati Sultani Barghash anasimamisha Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, huko Tokyo kijana wa miaka 22 aliwapa wanafunzi wake wawili cheo kipya. Kijana huyo aliitwa Kano Jigoro. Wanafunzi walikuwa Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Cheo kiliitwa shodan, yaani dan ya kwanza, na Kano hakukitoa vitani. Madaraja ya dan yalikuwa yakitumiwa tangu zamani na wachezaji wa go, mchezo wa ubao ambao kwa Wajapani una mafundi wake kama bao lilivyo na mafundi wake huku kwetu. Siku hiyo hakuna aliyefungwa mkanda mweusi. Mkanda ulikuja miaka michache baadaye, ili mtu akiingia ukumbini ajue kwa kutazama tu nani amefika wapi. Sare nyeupe tunayoijua leo ilikaa sawa mwaka 1907 hivi. Na ule mlolongo wa mikanda ya rangi unaowafurahisha watoto ulienezwa Paris katika miaka ya 1930 na mwalimu wa judo aitwaye Kawaishi Mikonosuke.

Kwa hiyo mkanda mweusi ni mdogo kiumri kuliko Beit al-Ajaib. Ukisikia mtu anauzungumzia kama kitu kilichoshuka na mababu wa kale, mwambie taratibu kwamba bibi wa bibi yake huenda alizaliwa kabla yake.

Naanza na tarehe hizi, msomaji, kwa sababu nina kesi, na kesi yenyewe haiko mahakamani, iko kwenye simu yangu.

Mimi ni mwandishi wa habari, nina miaka 36. Karate ya Goju-ryu niliianza Dar es Salaam nikiwa kidato cha pili na sijaiacha tangu hapo. Nina dan ya pili. Mwaka jana mwalimu wangu alifariki, na miezi minne baada ya kumzika kazi ikanihamishia Dodoma, kama ilivyowahamishia wengi tangu serikali ihamie huko. Karibu na ninapokaa nilikuta klabu moja tu, nayo ni ya Shotokan. Kwa asiyejua, hizi zote ni karate, lakini ni kama Kimvita na Kiunguja: mnaelewana, ila kila mtu anamsikia mwenzake anakosea. Nikampigia simu mwalimu wa pale, kijana wa miaka kama 28 hivi. Nikamweleza nilikotoka, nikamuuliza nije na mkanda gani. Akasema, “Dada, karibu sana. Cheo chako tunakiheshimu. Ila kwenye mstari utasimama mwisho mpaka tukujue.” Nikanunua mkanda mweupe.

Picha ya siku hiyo ilifika Dar kabla sijafika nyumbani. Kaka yangu wa dojo, tulioingia pamoja wiki moja miaka ishirini iliyopita, akaniandikia maneno machache tu: “Sensei hajamaliza hata mwaka kaburini, wewe umeshauvua mkanda wake. Mwacha asili ni mtumwa.”

Nimekaa na ujumbe huo wiki nyingi. Ningeweza kumjibu kwa hasira, au kwa alama ya kicheko tukayamaliza. Lakini aliniuliza swali la kweli, hata kama alilifunga ndani ya methali: mtu aliyefunzwa akaiva, akiingia shule mpya na kukaa chini kama mgeni, anamsaliti aliyemfunza? Nikaona nirudi kwenye historia yenyewe nitazame waliotangulia walifanyaje. Huyu Kano, kwa mfano, kabla hajawapa wengine vyeo, yeye alikuwa nani?

Alikuwa mgeni, tena mgeni wa mara tatu.

Kano alizaliwa mwaka 1860 katika familia yenye uwezo, lakini mwili wake ulikuwa mdogo na shuleni walimwonea. Akataka kujifunza jujutsu. Tatizo ni kwamba miaka hiyo jujutsu ilikuwa inazeeka. Utawala wa masamurai ulikuwa umeanguka mwaka 1868, watu wakitaka treni, bunduki na suti za Ulaya, na waliobaki na ujuzi wa zamani walijipatia riziki kwa njia nyingine. Wengi wao walikuwa waunga mifupa. Ukifikiria, ina mantiki: aliyejifunza kuteguza kiungo anajua pia kukirudisha. Basi Kano akawa anawatafuta waunga mifupa wa Tokyo na kuwauliza kama kuna anayefundisha. Mwaka 1877 mmoja akampeleka kwa Fukuda Hachinosuke, mwalimu wa mtindo wa Tenjin Shin'yo-ryu, ambaye ukumbi wake ulikuwa kachumba tu chenye mikeka kama kumi.

Fukuda hakuwa mtu wa maelezo. Kano mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliwahi kumuuliza mwalimu wake mbinu fulani inafanywaje: mkono unakwenda wapi, mguu unakwenda wapi. Fukuda akamwambia asogee, akamwangusha. Kano akauliza tena, akaangushwa tena. Yeyote aliyewahi kufundishwa na mzee wa aina hii anaijua elimu hiyo. Mwalimu wangu wa Dar alikuwa hivyo hivyo. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia simama, kisha utaipata sababu ubavuni.

Mwaka 1879 Fukuda na wanafunzi wake, Kano akiwamo, walionyesha jujutsu mbele ya Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipotembelea Japani. Siku chache baadaye Fukuda akafariki. Kano alikuwa na miaka 18. Familia ya mwalimu ikamkabidhi hati za shule, zile karatasi za kukunja zenye mafundisho na majina ya mbinu. Kaka yangu, hapa naomba uniskilize. Huyu kijana ana hati mkononi. Kwa desturi ya wakati ule hakuna alama kubwa ya urithi kuliko hiyo. Angeweza kukaa pale pale, akajiita mrithi, akawasubiri wengine waje kwake.

Hakukaa. Alikwenda kwa Iso Masatomo, mwalimu mwingine wa mtindo ule ule, akaanza kumtumikia na kujifunza. Mwaka 1881 Iso naye akafariki. Sasa Kano amezika walimu wawili katika miaka miwili. Akaondoka tena, safari hii akavuka hata mtindo: akaenda kwa Iikubo Tsunetoshi, mwalimu wa Kito-ryu. Huku mambo yalikuwa tofauti kabisa. Tenjin Shin'yo-ryu ilisifika kwa kukaba, kabali, kumbana mtu chini na kumpiga penye udhaifu. Kito-ryu ilisifika kwa kumwangusha mtu akiwa amesimama. Yote aliyoyajua Kano kuhusu kumdhibiti mtu ilibidi ayapange upya kuanzia miguuni.

Na hapo ndipo judo ilipozaliwa. Kano aliposhindana na Iikubo mara kwa mara aliangushwa, mpaka akagundua kwamba siri haiko kwenye kumvuta mtu wala kumpiga ngwala. Iko kabla ya hapo, katika kumyumbisha: akisukuma unavuta, akivuta unasukuma, mwili wake ukipoteza uwiano ndipo unamwangusha, na wakati huo hata mtoto anaweza. Wanajudo wanaiita kuzushi. Siku Kano alipoanza kuitumia, mwalimu hakuweza tena kumwangusha, na Iikubo akamwambia hana la kumwongezea. Februari 1882 Kano alikuwa ameshafungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji, kwa mikeka 12 na wanafunzi wachache. Na Iikubo, mwalimu, alikuwa anakwenda pale mara kadhaa kwa wiki kufundisha katika nyumba ya mwanafunzi wake.

Sasa tuulize: Kano alimwacha Fukuda? Kabali na mbinu za chini za Fukuda zimo ndani ya judo mpaka leo. Kilichobaki nyuma ni kile kiti cha mrithi tu.

Lakini sitaki kumfanya kaka yangu aonekane mtu wa ajabu. Shaka lake lina mizizi, na mizizi hiyo ni ya kweli. Shule za kale za Japani hazikuwa madarasa ya jioni. Mwanafunzi mpya aliapa, na mara nyingi alitia kiapo hicho muhuri kwa damu ya kidole chake, kwamba hatatoa siri za shule nje na hatafundisha bila ruhusa. Kodokan yenyewe ilikuwa na daftari la viapo. Shule nyingi kwa muda mrefu zilikataza wanafunzi wao kupimana nguvu na watu wa shule nyingine. Mgeni mwenye ujuzi akitokea mlangoni, wenyeji walijiuliza mambo mawili: amekuja kutuibia, au amekuja kutuvunja? Kuna hata jina la hilo la pili, dojo yaburi, kuvunja dojo: mtu anaingia, anaomba pambano, akishinda anaondoka na kibao cha shule, na jina lenu linakwenda naye. Katika mazingira hayo, mgeni mwema alikuwa yule tu aliyekubali kuonekana hajui.

Hata huku pwani jambo hili si geni. Nenda Lamu wakati wa Maulidi utazame kirumbizi, ule mchezo wa fimbo. Wawili wanaingia uwanjani, ngoma na zumari zinalia, fimbo zinagongana, na aliye nje anaona ngoma tu. Lakini fimbo ni fimbo, na anayeingia uwanjani anajua kuna namna ya kuingia. Au chukua vyuo vyetu vya dini. Mwanafunzi akisoma kitabu kwa sheikh mpaka akakimaliza, anapewa ijaza, ruhusa ya kukifundisha, na ndani yake kuna mlolongo wa majina: nimesoma kwa fulani, aliyesoma kwa fulani. Mtu mwenye ijaza ya fiqhi akitaka elimu nyingine anakwenda kwa sheikh mwingine na kukaa mkekani pamoja na vijana. Hakuna anayemuuliza kwa nini amevua kilemba cha sheikh wa kwanza. Kinyume chake, orodha ya walimu ikiwa ndefu, heshima yake inaongezeka. Hati za jujutsu za zamani zilifanana zaidi na ijaza kuliko na mkanda. Zilisema umepokea nini, kwa nani. Mkanda hausemi hayo. Unasema tu usimame wapi kwenye mstari, na kila nyumba ina mstari wake.

Twende upande wa upanga. Yamaoka Tesshu, aliyezaliwa mwaka 1836, alikuwa pande la mtu, na mazoezi yake yalikuwa makali kiasi kwamba walimpachika jina la zimwi. Mwaka 1863 akakutana na Asari Yoshiaki, mwalimu wa tawi moja la Itto-ryu, akapambana naye akashindwa. Mtu wa sifa zile angeweza kutafuta sababu: sakafu, jua, usingizi. Tesshu akaomba kuwa mwanafunzi wa aliyemshinda. Inasimuliwa kwamba kwa miaka 17 kila akishika upanga alimwona Asari mbele yake, na hakupata pa kupita. Katika miaka hiyo hiyo Tesshu alikuwa mtu mkubwa nje ya ukumbi: mwaka 1868 yeye ndiye aliyevuka mistari ya adui kwenda kuzungumza na Saigo Takamori, mazungumzo yaliyosaidia mji wa Edo, Tokyo ya leo, usimwagike damu. Baadaye akamtumikia Mfalme ikulu. Lakini mbele ya Asari alibaki mwanafunzi, mpaka siku moja ya Machi 1880 kizuizi kile kilipoondoka, na Asari akamkabidhi mafundisho ya mwisho. Baada ya hapo ndipo Tesshu akaanzisha mtindo wake mwenyewe.

Nasikia sauti ya kaka: hao ni Wajapani wa judo na upanga, sisi ni watu wa karate. Sawa. Twende Okinawa.

Goju-ryu yetu inatoka Naha, mji wa bandari, kwa mwalimu Higaonna Kanryo, kisha mwanafunzi wake Miyagi Chojun aliyeipa jina. Shotokan inatoka upande wa Shuri, mji wa wafalme, kwa Itosu Anko na Azato Anko, kisha mwanafunzi wao Funakoshi Gichin. Siku hizi Shuri ni sehemu ya mji wa Naha. Unaweza kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa miguu. Sasa palikuwa na kijana mmoja, Mabuni Kenwa, aliyezaliwa mwaka 1889. Alianza kwa Itosu akiwa mdogo. Akaiva. Kisha rafiki yake, ambaye si mwingine ila huyo huyo Miyagi Chojun wetu, akampeleka kwa Higaonna. Mabuni akavuka kutoka Shuri kwenda Naha, akaanza upya: pumzi nyingine, miguu mingine, ngumi inayotoka mahali pengine. Alipokuja kuipa jina karate yake mwenyewe, hakujiita kwa jina lake. Alichukua herufi ya kwanza ya jina la Itosu na herufi ya kwanza ya jina la Higaonna, akaziweka pamoja. Herufi hizo zikisomwa kwa namna nyingine zinatoa Shi na To. Ndiyo Shito-ryu. Kila mwanafunzi wa mtindo huo anapoutaja duniani, anawataja walimu wawili waliokuwa wakifundisha pande mbili za mji.

Njia aliyopita Mabuni ndiyo ninayoipita mimi Dodoma, ila natembea kinyume. Yeye alitoka Shuri akaenda Naha. Mimi nimetoka Naha naelekea Shuri, ndani ya ukumbi wa shule ya msingi wenye madirisha mawili yasiyo na vioo.

Na huo mkanda niliouvua, asili yake ni ipi? Karate ya Okinawa haikuwa na dan. Mwaka 1922 Funakoshi, mwalimu wa shule mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, alikwenda Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya michezo. Kano, ambaye sasa alikuwa mtu mzito katika elimu na michezo ya Japani, akamwalika Kodokan aonyeshe na pale. Funakoshi akabaki Tokyo. Hakuwa na fedha. Alikaa kwenye bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, na ili kulipia chumba akawa anafagia, anatunza bustani na kulinda jengo. Mtu anayeitwa baba wa karate ya kisasa aliianza kazi yake jijini kwa ufagio. Aprili 1924 akatoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate, kwa watu saba, kwa kufuata utaratibu wa Kano. Sare tunayovaa nayo ni mtoto wa sare ya judo. Kwa hiyo, kaka, mkanda mweusi wa karate ni kitu ambacho mgeni alikiazima kwa mwenyeji wake. Ukinitaka nirudi kwenye asili kabisa, itabidi nifanye mazoezi bila mkanda wa cheo.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye, nikiwa mwanamke kwenye mchezo huu, siwezi kumruka. Yule Fukuda Hachinosuke, mwalimu wa kwanza wa Kano, alikuwa na mjukuu wa kike aitwaye Fukuda Keiko, aliyezaliwa mwaka 1913, miaka mingi baada ya babu yake kufa. Kano alipokuwa mzee alimwalika binti huyu aje kujifunza katika sehemu ya wanawake ya Kodokan, naye akaingia mwaka 1935. Yaani Kano, aliyeiacha nyumba ya Fukuda na hati mkononi, alirudi kuitafuta familia ya Fukuda zaidi ya nusu karne baadaye, akamlipa mjukuu alichokopa kwa babu.

Fukuda Keiko alikuwa mfupi, hata mita moja na nusu hakufika. Alifundisha judo maisha yake yote, akahamia San Francisco. Lakini Kodokan haikumpandisha mwanamke yeyote zaidi ya dan ya tano. Alipata ya tano mwaka 1953, akakaa pale pale mpaka mwaka 1972, baada ya watu kuandika barua za kupinga utaratibu huo, ndipo akapewa ya sita. Na mikanda myeusi ya wanawake wa Kodokan ilishonwa mstari mweupe katikati, ili ukiwa mbali ujue ni ya mwanamke. Fukuda Keiko aliendelea kufundisha mpaka uzeeni. Mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama kimoja cha judo cha Marekani kilimpa dan ya kumi. Alifariki mwaka 2013. Jiulize, katika miaka ile yote ya dan ya tano, ujuzi wake nao ulikuwa umesimama? Mkanda wake ulieleza kanuni za nyumba aliyokuwamo. Mwanamke aliyeufunga alikuwa mbele ya mkanda kwa miaka mingi.

Hilo ndilo ninalotaka kumwambia kaka yangu. Mkanda ni mali ya nyumba, na kila nyumba inahesabu kwa mahesabu yake. Alichonipa Sensei hakijawahi kuwa kwenye kitambaa.

Ninajua kwa sababu kinaniumbua kila jioni. Shotokan inasimama na miguu mirefu, goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka. Mimi miaka ishirini nimefunzwa kusimama kifupi, vidole vya miguu vikitazama ndani, pumzi ikishuka tumboni kwa sauti. Mwalimu akihesabu, mwili wangu unakwenda Dar peke yake. Najifunza Heian za mwanzo, mfululizo wa kata ambazo Itosu alizitunga wakati karate inaingizwa kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo, ni masomo ya watoto wa shule, na anayenirekebisha mkono ni binti wa miaka 16 mwenye mkanda wa kahawia. Tukiwa nje, kabla hatujaingia, ananipa “Shikamoo, dada,” na mimi naitikia marahaba. Tukivuka mlango, mimi ndiye ninayeinama kwanza. Siku za mwanzo sote wawili tuliona haya. Sasa tumezoea, na ukweli ni kwamba ananifundisha vizuri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia hii ina zote mbili. Mwaka 1930 Kano alikwenda kumtazama Ueshiba Morihei, mwanzilishi wa aikido, akifundisha. Ueshiba naye alikuwa ameshasoma jujutsu kabla hajakutana na mwalimu wake mkubwa, Takeda Sokaku, kule Hokkaido mwaka 1915, akaanza kumfuata. Kano, wakati huo akiwa na karibu miaka 70 na shule yenye wanafunzi wasiohesabika, alipotoka pale hakusema judo inatosha. Alimchagua Mochizuki Minoru, mmoja wa vijana wake bora, akamtuma kwa Ueshiba akajifunze. Mwenye nyumba kubwa kuliko zote alimtuma mtoto wake akakae mkekani kwa jirani. Na Mochizuki akawa mwanafunzi wa kweli, mpaka akaaminiwa kufundisha aliyoyapata huko.

Hapa kwetu nako, tusisahau. Goju-ryu ya Dar es Salaam ililetwa na mgeni. Katika miaka ya 1970 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliifundisha pale Shule ya Zanaki, na walimu wengi wa mtindo huu nchini wanahesabu ukoo wao kutoka ukumbi ule. Yeye alivuka bahari na kitu alichokipokea, akakiacha kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kukiona nje ya sinema za Bruce Lee. Asili tunayoambiana tusiiache imefika hapa kwa miguu ya watu walioondoka kwao.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wangu mpya aliniita pembeni baada ya mazoezi. Aliniambia ameona nikivuta pumzi kwa namna asiyoijua, akaomba Jumamosi moja kwa mwezi niwaonyeshe Sanchin. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba kabla sijaanza nitaje jina la mwalimu wangu, na darasa zima liiname. Akasema, “Dada, hilo si sharti, hiyo ni haki yake.” Jumamosi ya kwanza ilikuwa juzi. Niliisimamia nikiwa na mkanda mweupe, watoto ishirini na watatu mbele yangu, na jina la Sensei likatajwa Dodoma, mji ambao sidhani kama aliwahi kuufundisha.

Kwa hiyo kaka, jibu lako ndilo hili, limekuwa refu kuliko ujumbe wako. Mkanda wa Sensei uko kwenye begi, nakuja nao kila siku, ninaufunga nikija Dar. Ukipata likizo panda basi au treni, njoo. Utasimama mwisho wa mstari, karibu yangu, na huyo binti wa mkanda wa kahawia atakurekebisha mguu. Mpaka sasa hajakosea hata mara moja.